Kibodi ya swichi nyeusi na kucha ndefu: uzoefu wangu

Anayeandika barua mbili kwa wiki, hii haimhusu. Mimi kazi yangu ni kuchapa kumbukumbu za vikao kutwa nzima, na miezi kadhaa nyuma nilinunua Kariakoo kibodi ya mekanika yenye swichi nyeusi (swichi ni kile kidude chenye springi chini ya kila herufi, na rangi yake ndiyo inayokwambia ni ngumu au nyepesi). Bei sitaji, nisije nikalia.

Mwanzoni nilifurahia mlio wake. Haikupita muda, kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kikawa kinawaka moto hadi kiwikoni. Nyeusi inataka gramu 60 hivi ndipo herufi itoke; nyekundu inatosheka na 45. Gramu 15 tu, utacheka, mpaka uchape kurasa thelathini. Na mwenye kucha ndefu ndiye anayekoma zaidi, maana hawezi kukunja kidole abonyeze kwa ncha. Anakilaza, anabonyeza kwa nyama, nguvu nusu inapotea. Akisahau akagonga kwa kucha, kishindo chote kinaishia kwenye shina la kucha. Jeli ya kucha ya kidole changu cha shahada ilibanduka pembeni, ikawa inanasa nywele kila nikijichana.

Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta hata simu hakuiweka chini. Akanitazama mikono, akasema, “Dada, kata kucha.” Mwenzake akaangua kicheko. Kisha yule wa kaunta akanionyesha kibao: mali ikishauzwa hairudishwi. Nani kasema narudisha? Nilikuwa naulizia swichi nyepesi tu, maana kibodi hii swichi zake zinachomolewa bila kuyeyusha risasi ya kulehemu. Hajui! Anauza kitu hajui kinafunguka vipi, ila kucha zangu anazijua.

Fundi simu wa mtaani kwetu ndiye aliyenisaidia kuzichomoa, tukaweka nyekundu. Maumivu yamekwisha, jeli inakaa.

Nyota? Nilikuja hapa kutoa moja. Lakini kusema kweli kibodi ni imara, haitelezi mezani, herufi hazijafutika; basi tatu. Ingawa nyekundu nayo ina kiherehere, ukipumzisha vidole tu inajiandikia “aaaaa” katikati ya jina la mheshimiwa. Mbili na nusu. Hapana, tatu, kibodi haina kosa. Duka sifuri, na wanaotaka jina lake waje inboksi.