Vikombe vya sake vya askari wa Japani: uzoefu wangu wa kununua kwenye gulio la Toji, Kyoto

Kwa mtu anayependa historia ya jeshi la zamani la Japani na ana mfuko wa kawaida, sioni pa kuanzia bora kuliko vikombe vya sake (pombe ya mchele ya Kijapani) vya askari. Nimekuwa nikivinunua kwenye gulio la hekalu la Toji tangu kazi iniletee Kyoto, na sijapata kitu kingine cha bei hii chenye habari nyingi namna hiyo.

Japani ilianza kuandikisha vijana jeshini kwa lazima mwaka 1873. Kijana alipoondoka, ndugu na majirani walimchangia fedha na zawadi za kumuaga. Alipomaliza muda wake akarudi salama, familia yake iliagiza vikombe vidogo vya kauri na kuwagawia wote waliomchangia, kuwa shukrani. Ndani ya kikombe utakuta nyota ya jeshi la nchi kavu, au nanga kama alikuwa mwanamaji, maua ya mcheri, bendera mbili zilizopishana, pengine kofia ya chuma au farasi. Pembeni au kwenye kitako huandikwa jina la kikosi, na mara nyingi jina la askari mwenyewe.

Hapo ndipo vikombe vinapozishinda singe na kofia. Singe haikuambii ilikuwa kiunoni kwa nani. Kikombe kinakuambia. Ninacho kimoja cha mwanzoni mwa enzi ya Showa (utawala wa mfalme Hirohito, ulioanza 1926), cha Kikosi cha 20 cha askari wa miguu cha Fukuchiyama, mji ulio kaskazini-magharibi ya Kyoto. Wakati huo kikosi hicho kilikuwa chini ya Divisheni ya 16, ile iliyoingia mji wa Nanjing, China, mwezi Desemba 1937, ambako raia na mateka waliuawa kwa wingi, na ambayo yenyewe ilikuja kuteketea karibu yote kisiwani Leyte, Ufilipino, mwaka 1944. Mwenye kikombe changu alimaliza muda wake kabla ya hayo yote. Kama aliitwa tena au la, kikombe hakisemi. Nawaomba wanaoanza wasikusanye vitu hivi kwa kushangilia jeshi lile. Habari ya Nanjing na habari ya kijana aliyerudi kwao akagawa vikombe ni habari za kikosi kimoja, na mkusanyaji azibebe zote mbili.

Gulio lenyewe nalipa alama za juu. Hufanyika tarehe 21 ya kila mwezi kwa kumkumbuka Kobo Daishi, mtawa aliyefariki tarehe 21 ya mwezi wa tatu mwaka 835. Kutoka stesheni ya Kyoto ni mwendo wa robo saa kwa miguu, na mnara wa hekalu, wenye ghorofa tano na urefu wa karibu mita 55, ndio utakaokuelekeza. Fika mapema, kabla ya saa moja asubuhi. Wauzaji wa vitu vya kale hutandaza turubai chini na vikombe huwa vimechanganywa na visahani, vifungo na picha za zamani. Beba fedha taslimu. Omba ruhusa kabla ya kushika. Kupatana bei kunaruhusiwa ila kwa upole, na ukichukua viwili au vitatu kwa mkupuo muuzaji hupunguza mwenyewe. Mimi hulipa kati ya yen 1,500 na 3,000 kwa kikombe kizima.

Niliwahi pia kununua kupitia kampuni moja ya kukuwekea dau kwenye minada ya mtandaoni. Picha zilipendeza, kikombe kikaja kikiwa kimegundishwa ukingoni kwa gundi, na ada zao zilizidi bei ya kikombe. Kitu cha kauri nataka nikishike, nikigonge kwa ukucha nisikie kama kinalia sawasawa.

Kuhusu bandia, nenda na kioo cha kukuzia. Rangi ya dhahabu ya mapambo ya kweli ya miaka hiyo huwa imelika ukingoni, palipopita midomo na vitambaa vya kufutia. Ukiona vidoti vidogovidogo vilivyojipanga, hiyo ni chapa ya mashine ya kisasa. Angalia pia maandishi ya mlalo: kabla ya Vita Kuu ya Pili Wajapani kwa kawaida waliyaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo yakienda kushoto kwenda kulia, kirudishe mahali pake. Na ukiambiwa ni cha rubani wa kamikaze, yaani wale waliojitupa na ndege zao juu ya meli za adui, dai uthibitisho mzito, maana mashambulizi hayo yalianza Oktoba 1944 na vikombe hivi vilitolewa na watu waliorudi nyumbani.

Panga sizigusi. Sheria ya silaha ya mwaka 1958 inataka kila upanga uwe na cheti cha usajili kutoka bodi ya elimu ya mkoa, na panga za kijeshi zilizotengenezwa kiwandani hazisajiliki kabisa.

Bendera nazikataa kwa sababu nyingine. Zile nyeupe zenye duara jekundu, zilizojaa sahihi za wazazi, walimu na majirani, askari alizikunja akazivaa mwilini. Nyingi zilizoko sokoni nje ya Japani zilitolewa kwenye maiti. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika), Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliolifukuza jeshi la Japani lililoshindwa Imphal, India, kupitia bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye matope ya masika ya Burma, hadi wakavuka mto Chindwin pale Kalewa. Wenzake waliozikwa huko walikuwa na mama zao pia. Bendera ina familia inayoisubiri. Ukiwa nayo, liko shirika la OBON Society, Astoria, jimbo la Oregon, ambalo kazi yake ni kuitafuta familia hiyo na kuirudisha.

Ninachokiwinda sasa ni kikombe cha Tsingtao. Wajapani waliwatoa Wajerumani katika bandari hiyo ya China tarehe 7 Novemba 1914, siku chache tu baada ya Waingereza kushindwa na Wajerumani haohao pale Tanga. Nilikiona kimoja Toji, dhahabu yake imelika vizuri na maandishi yanakwenda kulia kwenda kushoto, lakini muuzaji alitaka yen 12,000 na kilikuwa na ufa. Kikitokea kizima kwa chini ya 8,000, nakichukua.