Halmashauri itangaze gazetini au kwa gari la spika?

Halmashauri ya mji inapouza viwanja, pesa ya tangazo inaweza kwenda gazetini au kwa gari la spika.

Gazeti la Dar es Salaam huuza nafasi kwa ukubwa, na rangi inaongeza bei. Nembo peke yake inakula kipande kizima, chini yake maandishi madogo ya kukodolea macho. Likifika wilayani kwa basi la mchana, nakala ni chache, na kesho yake linafungia maandazi. Faida yake ni kumbukumbu: ukurasa unakatwa, unabanwa kwenye faili, mkaguzi wa CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, akija anauona pamoja na risiti.

Gari ni mafuta, dereva na mtu wa maiki. Linapita sokoni siku ya gulio, mama muuza dagaa anauliza, "Fomu bei gani?" na anajibiwa palepale. Ila ushahidi hakuna, labda mtendaji wa kata asaini ratiba.

Kwa viwanja, mimi nachagua gari, na karatasi ibandikwe ofisi ya kata. Zabuni ni habari nyingine: tangu 2023 wazabuni Tanzania wanazifuata kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni.