Kliniki ya meno ya watoto: daktari yuko vizuri, ila yule msaidizi wake jamani

Ukienda na mtoto pale omba daktari mwenyewe akuhudumie mwanzo mpaka mwisho, yule dada msaidizi muepuke. Jina la kliniki silitaji, iko huku huku Dar, na nyota nawapa mbili, nikipoa labda nitabadilisha ila leo ni mbili.

Nilimpeleka kijana wangu, yuko chekechea, gego lake la chini lilikuwa limeanza kutoboka na usiku analia. Kupiga mswaki kwake ilikuwa vita kila siku. Anabana mdomo, ukimlazimisha anatafuna mswaki, ukimwachia apige mwenyewe analamba ile dawa ya meno ya watoto maana ni tamu halafu anakwambia tayari. Na shuleni ni ubuyu na juisi za boksi, usipomnunulia anapewa na wenzake. Ndugu wote wananiambia ng'oa tu hilo jino, si la utoto, litaota lingine.

Sasa nianze na kilichonifurahisha maana kipo, sitaki kusema uongo. Wana vidonge fulani vya rangi, mtoto anatafuna kimoja, anasukutua, anatema, basi kila sehemu yenye ule utando wa uchafu inabaki zambarau. Wanampa kioo ajione. Kijana wangu alijiangalia akacheka sana, akadai mswaki mwenyewe, akawa anaikimbiza ile rangi huku na huku, na alipoona huko nyuma kwenye magego haitoki akanigeukia, mama nisaidie huku. Nisaidie! Huyu huyu ambaye jana yake alinipiga teke la tumbo kisa mswaki. Ningeondoka dakika ile ile ningewapa nyota tano.

Sikuondoka. Kuna benchi wanakalisha wazazi na watoto kusubiri daktari, na yule dada ndo anatoa somo, ana limdoli la meno makubwa ya plastiki na mswaki mrefu kama wa kusafishia choo. Anafundisha vizuri tu, mswaki uulaze kidogo kwenye fizi, dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, mtoto akimaliza ateme tu asisukutue na maji mengi ili dawa ibaki kwenye meno. Mi nikauliza swali. Nikasema dada samahani, hii dawa yenye floraidi kwa mtoto mdogo haina shida? Akaniangalia mdomoni. Sio usoni, mdomoni. Halafu akawageukia wale watoto akasema, mnaona meno ya mama hapa, mtu asipopiga mswaki anakuwa hivi.

Nilihisi masikio yanawaka. Kwa wasionijua, mimi ni wa Arumeru, Arusha, nimezaliwa huko na nimekulia huko, meno yangu ni ya kahawia kama ya nusu ya watu niliosoma nao. Maji ya kwetu yana floraidi nyingi, kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita na vyanzo vingi vya kule chini ya Mlima Meru vinapita hapo, vingine vinapita mbali sana. Yale magadi tunayopikia maharage na makande yaive haraka nayo yana floraidi yake. Hii rangi inaletwa na hiyo floraidi ikizidi, inaingia utotoni jino likiwa bado linajitengeneza ndani ya fizi, likija kuota limeshakuwa hivyo, usugue na mswaki, na mkaa, na ndimu, unajichosha tu. Serikali yenyewe inajua, pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuchuja floraidi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Na huyu kavaa gauni la kliniki ya meno!

Nikamwambia kwa upole kabisa, dada yangu, mimi ni wa Arusha, hii ni maji. Akanijibu, kwani Arusha maji ya kupigia mswaki hakuna? Benchi zima likacheka. Kuna baba mmoja alicheka akajifanya anakohoa, nikamwona.

Hata ningesamehe aibu yangu, mi mtu mzima nimeshazoea, kila mkoa niliokaa nimeulizwa kama navuta sigara. Ila usiku ule kijana wangu kwenye sinki ananiambia, mama dada kasema wewe hupigi mswaki. Nikamwambia napiga, si unaniona kila siku? Akafikiria. Akaniuliza, sasa mbona unapiga na hayatoki? Akaweka mswaki chini, akaenda zake kulala.

Hapo mnanielewa? Yani kile kidonge cha zambarau, ile kazi nzuri yote, yule dada kaivunja kwa sentensi moja. Mtoto kafunga hesabu yake, mama anapiga mswaki na bado ni mchafu, kwa hiyo mswaki hausaidii. Na mimi ndo nilimlipia akajifunze hivyo. Nikarudi kwenye vita upya, safari hii mbaya zaidi maana sasa ana hoja.

Nikawapigia simu. Aliyepokea akasikiliza akasema, pole mama, alikuwa anatania tu huyo, ni mchangamfu sana na watoto. Mchangamfu! Nikakata. Hapo nilikuwa nimeshaandika ujumbe kwenye grupu la wazazi la shule kwamba mtu asithubutu kwenda, nikaufuta kabla sijatuma kwa sababu jino lilikuwa halijazibwa na hela ya kuanza upya kwa daktari mwingine sikuwa nayo.

Kwa hiyo nikarudi, nimenuna, nimeweka mkoba mapajani kama niko polisi. Na haya ndo yananichanganya, kwa sababu daktari mwenyewe ni mtu wa aina yake. Mzee kidogo, sauti ya chini. Kwanza hakung'oa. Akasema magego ya utoto ya nyuma yanakaa mpaka miaka kumi hadi kumi na mbili hivi, ukiling'oa sasa mengine yanaweza kusogea, la ukubwani likija linakosa nafasi linaota upande. Mashine ile inayolia hakuitumia, alikwangua kwa vifaa vya mkono sehemu iliyooza akaziba, hakuchoma sindano ya ganzi, na mtoto alikunja uso tu hakulia. Akanichekesha, akasema njia hii ya kukwangua kwa mkono ilianzia hapa hapa Tanzania miaka ya 80, Wazungu ndo wameichukua kwetu. Nilifurahi jamani, sijui kwa nini.

Halafu nikamwambia kuhusu msaidizi wake. Hakutetea. Alinyamaza, akavua glovu, akachuchumaa mbele ya kijana wangu akamwambia, mwambie mama afungue mdomo tuhesabu mashimo. Nikafungua, kwa shingo upande lakini nikafungua. Wakahesabu wote wawili na kile kioo kidogo. Hakuna shimo hata moja. Akamwambia, meno ya mama yana rangi ya maji ya kwao, ila mama anapiga mswaki ndo maana hayajatoboka, la kwako jeupe na lilikuwa na shimo, sasa nani hapigi mswaki? Kijana akanyoosha kidole kwenye kifua chake mwenyewe.

Na swali langu akalijibu, lile nililotukanwa kwa kuliuliza. Dawa yenye floraidi inafaa, ndo inayozuia meno kutoboka, shida ni mtoto kuimeza nyingi. Chini ya miaka mitatu unapaka kiasi cha punje ya mchele, akishafika mitatu kama njegere, sio kujaza mswaki wote kama kwenye matangazo, na dawa mzazi anaishika yeye, asiachiwe mtoto analamba. Mpaka miaka saba nane hivi mkono wake bado haujakaa sawa, apige mwenyewe kwanza kisha wewe umalizie. Akasema tukienda kwa bibi yake likizo atumie maji ya mvua au yaliyochujwa kwa kunywa na kupikia. Yote haya yalimchukua muda mfupi kuliko yule dada alivyotumia kunichambua.

Sasa hivi anapiga. Sio kila siku kwa raha, kuna siku bado ananikimbia kuzunguka meza, ila akimaliza ananipanulia mdomo anasema hesabu mashimo, na mimi lazima nipanue wangu ahesabu.

Kwa hiyo nyota tatu. Daktari ningempa tano peke yake. Lakini nikikumbuka lile benchi linavyocheka naona hata tatu ni nyingi, kwa sababu nilipotoka siku ile ya kuziba yule dada alikuwepo mapokezi, akaniambia karibu tena mama wa Arusha, na kucheka akacheka. Pole hakusema. Ziwe mbili zile zile, na meneja kama unasoma, wafanyakazi wako wafundishe kuhusu maji ya kaskazini kabla hujawafundisha kupanga viti.

Wanaotaka kwenda, vile vidonge vya rangi wanauza pale dirishani kimoja kimoja, huna haja ya kuonana na mtu. Bima wanachukua baadhi tu, piga simu uulize kwanza. Jumamosi foleni ni ndefu na pa kupaki gari hamna.