Turbo haisukumi: mashine ya kompyuta au povu la sabuni?

Gari la dizeli limechoka mlimani, linatoa moshi mweusi, na kompyuta inaonyesha msimbo P0299. Wapo mafundi ambao hapo hapo hudai turbo mpya, yaani pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Haraka ya nini? Msimbo huo unasema tu kwamba shinikizo la hewa ni dogo kuliko lililotakiwa. Hausemi linapotelea wapi.

Faida ya mashine ya kompyuta ni kusoma sensa (vifaa vya kupimia vilivyo kwenye injini) moja kwa moja. Fungua swichi bila kuwasha injini: sensa ya shinikizo isome karibu kPa (kilopaskali, kipimo cha shinikizo) 100 ukiwa Dar es Salaam, au kama 83 ukiwa Mbeya, kwenye mwinuko. Ikipishana mno na hapo, shuku sensa kwanza. Kisha pimeni mkipanda kilima na mzigo, maana injini ikiunguruma tu gari limesimama, turbo haina cha kuonyesha.

Povu ni la bei rahisi. Zima injini, ziba njia ya kuingizia hewa, jaza upepo wa kompresa usiozidi baa 1 (yaani kPa 100), paka sabuni kwenye hosi, klampu na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo). Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Ila mabawa ya turbo yaliyoganda kwa masizi, sabuni haiyaoni.

Mimi huanza na sabuni. Hosi zikiwa nzima, ndipo nalipia mashine.