Kujifunza kupiga picha, Chicago au Missouri: kwanza mwanga au kwanza habari?
Katika shule ya usanifu aliyoifungua msanii László Moholy-Nagy mjini Chicago mwaka 1937, zoezi moja la msingi halikuhitaji kamera: weka jani juu ya karatasi ya picha gizani, liangazie sekunde chache, kisha tia karatasi kwenye dawa ya kusafishia picha. Mwanga ukipungua, pembeni panabaki kijivu. Ukizidi, unapenya jani na mishipa yake inamezwa na weusi. Anayetaka kuuelewa mwanga wenyewe aanzie hapa, hata kama ndoto yake ni kupigia gazeti picha.

Chuo Kikuu cha Missouri kinatanguliza ukweli. Kwenye warsha yake ya picha za habari iliyoanza 1949, mshiriki hutafiti habari na kuitetea mbele ya walimu kabla ya kupiga picha. Anaruhusiwa kupiga picha 400 tu. Kuwapanga watu ni marufuku. Anayefyatua ovyo mapema huishiwa tukio lenyewe likiwadia.