AnnualCreditReport.com: uzoefu wangu wa kufuatilia ripoti ya mikopo bila kulipia

Kabla ya kuanza kutumia AnnualCreditReport.com nilikuwa nalipia programu ya simu iliyokuwa ikinitumia arifa kuhusu alama zangu za mikopo, yaani namba inayowaonyesha wakopeshaji unavyoaminika kulipa: alama zako zimepanda, alama zako zimeshuka. Zimeshushwa na nini, kimya. Nikaamua kwenda kwenye chimbuko, yaani ripoti yenyewe, inayoorodhesha mikopo yako na jinsi unavyoilipa.

Kwa tunaoishi Marekani, tovuti hii inaendeshwa kwa pamoja na kampuni tatu kubwa za taarifa za mikopo: Equifax, Experian na TransUnion. Sheria ya shirikisho ndiyo inayozilazimisha kutoa ripoti bure. Zamani ilikuwa mara moja kwa mwaka kwa kila kampuni. Sasa unaweza kuchukua kila wiki, na tangu 2023 utaratibu huo ni wa kudumu. Namba ya kadi ya benki haiulizwi. Ukiona unaombwa, toka haraka, maana tovuti za kuigiza ziko tele.

Maswali ya utambulisho ndiyo yanayotoa jasho. Ukishajaza jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba ya hifadhi ya jamii, unaweza kuulizwa mkopo fulani wa zamani uliuchukua wapi, au kati ya mitaa hii umewahi kuishi upi. Mara nyingine jibu sahihi ni kwamba hakuna hata mmoja, na mwenye pupa hunasa hapo. Ukinasa, unaweza kuomba ripoti kwa simu au kwa posta.

Ripoti ni ndefu na inachosha kusoma. Mimi huanza na ukurasa ambao wengi huuruka, wa majina na anwani, na ndio ulionishtua. Kampuni moja (siitaji) ilikuwa imeniandikia anwani nisiyoijua kabisa. Kushuka kwenye akaunti, nakuta kadi ya duka ambayo si yangu, malipo yake yamecheleweshwa. Mwenye deni tunafanana majina, tofauti ni lile la katikati tu. Jina langu ni la kawaida, wenzangu ni wengi, lakini deni lake linihusu nini? Ripoti za kampuni mbili zilizobaki zilikuwa safi. Wakopeshaji hawalazimiki kupeleka taarifa kote kutatu, kwa hiyo kusoma ripoti moja ukaziacha nyingine ni kukagua mlango mmoja wa nyumba yenye mitatu.

Nikaweka pingamizi mtandaoni. Kampuni hupewa siku 30 kuchunguza, zinaweza kufika 45. Jibu likarudi kwamba taarifa "imethibitishwa", basi, bila maelezo. Niliwaka! Nikaandika barua, nikaambatisha nakala ya kitambulisho na uthibitisho wa makazi, nikaituma kwa rejista. Nakala nyingine nikampelekea mkopeshaji aliyetoa taarifa ile, na nadhani hiyo ndiyo iliyofanya kazi, kwa sababu akaunti ilifutwa. Ningeiacha, rekodi ya kuchelewesha malipo inaweza kukaa hadi miaka 7.

Kuna sehemu inayoonyesha nani amechungulia faili lako. Ukijiangalia mwenyewe alama hazipungui, hata ukifanya hivyo kila wiki. Maombi ya mkopo ndiyo yanayoweza kuzishusha kidogo, nayo huonekana kwa miaka 2. Jina la mkopeshaji usiyewahi kumwomba chochote likijitokeza hapo, usilipuuze.

Alama zenyewe hazimo. Wanaolalamikia hilo siwaelewi sana, kwani benki nyingi huzionyesha bure kwa wateja wao. Lawama yangu ni nyingine: hata kufungia faili, ili asijitokeze mtu kukopa kwa jina lako, hakufanyiki hapa. Unazifuata kampuni moja baada ya nyingine. Ni bure tangu Septemba 2018, na ukitaka kufungua kwa mtandao au simu wanatakiwa kukamilisha ndani ya saa moja. Yangu nimeyafungia yote matatu, na programu ya kulipia nimeikatisha.

Kila kampuni pia ina mpangilio wake, hivyo kulinganisha akaunti moja katika ripoti tatu ni kufunua kurasa mbele na nyuma. Na hakikisha umepakua faili kabla ya kufunga ukurasa, la sivyo utarudia maswali yote upya.