Unga wa lauril salfeti kwa maji ya visima vya Lamu: mzuri, mradi usipate unyevu

Kwa kutafuta bakteria wa kinyesi kwenye maji ya visima na majabia, unga huu, ambao ni chakula cha kuoteshea bakteria, ndio tunaoupendekeza kwanza. Gramu 38.1 huyeyushwa kwa moto katika mililita 500 za maji yaliyokenekwa, kisha mchuzi huo hutiwa kwenye chupa na kuchemshwa kwa presha, nyuzi 121, dakika 15. Ukitoka mwekundu, umefaulu.

Adui wake ni hewa ya pwani. Unga hunyonya unyevu, hushikana mabonge, na mizani huanza kupima maji pamoja na unga, hivyo mchuzi unakuwa hafifu. Nunueni kopo dogo, hata kama kubwa ni nafuu zaidi.

Chuja mililita 100 kwa chujio la mikromita 0.45, ulilaze juu ya pedi iliyoloweshwa mililita 2.5 za mchuzi. Mwaga unaozidi, ukielea, makoloni (vishada vya bakteria vinavyoonekana kwa macho) hutapakaa na hayahesabiki. Subiri saa 1 hadi 4 kabla ya kupasha, maana bakteria waliochoshwa na klorini wanahitaji kupata nguvu. Kisha nyuzi 44, saa 16 hadi 18.

Hesabu makoloni ya manjano ndani ya dakika 15, kwani yakipoa rangi hugeuka.

Upungufu wake: huonyesha kolifomu zinazostahimili joto, yaani kundi zima la bakteria, si E. koli, bakteria wa kinyesi, peke yake. Anayetaka uhakika huo afanye kipimo cha kuthibitisha. Maji ya kunywa yanatakiwa yatoe sifuri.